Mdomo wa Mnadi

Watu walimwita Kengele, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Enzi zake alikuwa mnadi. Vitanda vikuukuu, makabati ya ofisi zilizofungwa, mashine za kushonea, viti vilivyobaki na miguu mitatu, vyote vilipita mbele yake, naye akavipigia kengele yake na kuvisifu mpaka mtu akajikuta amebeba kabati lisilo na mlango na bado anashukuru. Alikuwa na mdomo, kama watu wasemavyo. Mdomo huo ulimlisha yeye, mkewe na watoto wao watatu. Ulimi hauna mfupa, lakini wa Kengele ulikuwa umewavunja wengi mbavu: wengine kwa kicheko, wengine vinginevyo.

Kisha kiharusi kikamshika asubuhi moja akifunga vifungo vya shati. Upande wake wa kulia ukalala. Aliporudi kutoka hospitali alikuwa hasemi. Madaktari walisema maneno huenda yakarudi, huenda yasirudi, na familia ikalichukua lile la pili kwa sababu ndilo lililoonekana kwa macho.

Aliyemtunza ni binti yake mkubwa. Wadogo zake walimwita Dada, nasi tumwite hivyo hivyo. Hakujitolea. Mama yao alikuwa ametangulia miaka kadhaa nyuma. Mdogo wao wa mwisho, wa kike, alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka. Na yule wa kati, wa kiume, fundi wa majokofu, alikuwa na mke na watoto katika nyumba ya vyumba viwili. Wakafanya kikao kwa simu. "Dada, wewe ndiye mwenye nafasi," wakasema, na maana yake ni kwamba Dada hakuwa na mume wala mtoto. Wakati huo alikuwa anashona mapazia katika chumba cha kupanga. Akafungasha cherehani yake, akahamia kwa baba yake, akaanza kazi bila kulalamika. Wadogo zake walisema Dada ana moyo wa subira.

Wangemwuliza, asingejua aite nini alichokuwa nacho. Miaka mingi nyuma, ndoa yake ilipovunjika, alirudi nyumbani na sanduku lake mchana kweupe. Baba yake alikuwa amesimama getini na wenzake. Alimtazama, akalitazama sanduku, kisha akasema kwa ile sauti yake ya mnadani, inayofika mwisho wa mtaa: "Jamani, mali imerudishwa na mteja. Nani ataanza na bei?" Watu walicheka. Dada aligeuka na sanduku lake palepale. Njiani alingoja uchungu uje, maana alijua lazima uje. Haukuja. Kilichokuja ni kitu kama cha mguu uliokaliwa muda mrefu, na kitu hicho hakikuondoka tena. Mama yake alikuwa akimtembelea kwa siri. Alipofariki, Dada alisimama kaburini macho makavu, na watu wakamsema.

Kwa hiyo kumwosha Kengele, kumvisha, kumgeuza ubavu asipate vidonda, kumbadilisha nguo zilizolowa, yote hayo Dada aliyafanya kama anavyopiga pasi. Hakuwa mkali kwake. Alimkausha katikati ya vidole vya miguu. Alimkata kucha. Kila sehemu ya mwili wa yule mzee aliijua, isipokuwa mdomo. Mdomo hakuna aliyeufikiria. Hospitali hawakuutaja, wadogo zake hawakuuliza, na Dada mwenyewe kila alipoukaribia alikuwa na kijiko mkononi, basi.

Tena mdomo wenyewe ukawa haufunguki. Mwanzoni mzee alikula vizuri. Kadiri miezi ilivyokwenda akaanza kukunja uso, kugeuza shingo, kutema uji shatini. Siku moja Dada alijaribu kumfungua kwa kidole, akamng'ata. Alimng'ata barabara, huku akimtazama usoni. Dada alikiosha kidole bombani, akaona damu, akakifunga kitambaa. Alikuwa kama anaangalia kidole cha mtu mwingine.

Kengele akakonda. Mashavu yakaingia ndani, na pumzi yake ikawa na harufu iliyomtangulia mwenyeji kumpokea mgeni mlangoni. La kuvunda halina ubani. Dada alifungua madirisha, akaweka maganda ya machungwa kwenye sahani, wapi.

"Mzee anajiandaa," Fundi alisema alipokuja Jumapili. Alikuwa amesimama karibu na dirisha, kichwa nusu nje. "Watu wakitaka kwenda huanza kwa kukataa chakula. Usimlazimishe, Dada."

"Simlazimishi."

"Nimeshaongea na mdogo wetu. Ataomba ruhusa kazini, ikitokea."

Wakazungumza ikitokea itakuwaje, nani atalala wapi, nani atapigiwa simu kwanza. Kengele alikuwa palepale kwenye kiti chake, anatazama ukuta.

Wiki hiyo Dada alimpeleka zahanati kupimwa presha. Muuguzi alipoinama kumfunga mkanda mkononi, alisita, akamwuliza Dada, "Huyu ameonwa na daktari wa meno lini?" Dada alisema hajui. Muuguzi akampa namba ya simu ya mwanamke ambaye wazee walimwita Daktari Begi, kwa sababu kliniki yake yote aliibeba mgongoni. Siku nyingine alikuwa katika nyumba ya kutunzia wazee iliyo nyuma ya posta, siku nyingine alizunguka majumbani kwa wasioweza kutoka.

Alikuja asubuhi. Alikuwa mtu wa makamo, mabega yake ya kubebea mizigo, na kabla ya kufungua begi alivuta kigoda akaketi mbele ya Kengele, chini kidogo ya uso wake.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni daktari wa meno. Leo sing'oi kitu. Natazama tu. Ukiona nakuumiza inua mkono huu wa kushoto, nitaacha."

Dada alikuwa amesimama nyuma na taulo. Ilimpitia akilini kwamba ni muda mrefu hakuna mtu aliyezungumza na baba yake habari za baba yake.

Daktari hakuukimbilia mdomo. Alimshika mzee mkono, kisha bega, kisha akamwekea kiganja shavuni, upande ule mzima, akakiacha hapo. Akapaka mafuta midomo iliyopasuka. Akawasha taa ya kichwani, akapitisha kidole chenye glovu kando ya shavu, pole pole, mpaka nyuma kabisa ya meno, mahali ambapo, alisema, hata simba hawezi kukung'ata. Taya likalegea. Mdomo wa Kengele ukafunguka.

Harufu ikajaa chumba kizima. Kutoka shavu la upande uliolala daktari alitoa kwa shashi mabonge ya uji na mkate, mengine yamegeuka meusi. "Upande huu hauhisi," alisema. "Chakula kinaingia kinakaa, yeye hajui kama kipo." Akaendelea kufuta. Kisha akasogeza taa.

"Meno yake ya bandia huwa anamvua nani?"

"Hana meno ya bandia," Dada alijibu. "Yale ni yake. Alikuwa anayajivunia."

Daktari hakubishana naye. Alishika kitu kwa vidole viwili akakitikisa kidogo, na Kengele akatoa sauti ambayo Dada hakuwahi kuisikia kwake, nyembamba, kama ya mlango. Mkono wa kushoto ukainuka. Daktari akaacha palepale, akampa pole, akangoja mpaka mkono umeshuka, akaanza tena. Ilikwenda hivyo, kuacha na kuanza, mpaka kitu kikatoka: kipande cha plastiki ya waridi chenye meno manne ya mbele na vikulabu viwili vya waya, kimefunikwa utando wa kijani. Ufizi ulikuwa umeanza kukiotea.

"Nadhani kimekaa humo tangu siku aliyopelekwa hospitali," daktari alisema. "Hiki kikulabu kimelishika gego bovu. Gego limevunjika, na kila akimeza linamkata ulimi. Hebu angalia."

Dada aliangalia. Pembeni ya ulimi kulikuwa na kidonda chenye kingo nyeupe, ukubwa wa kifungo cha shati. Akakitazama na kile kipande mkononi mwa daktari. Kumbe tabasamu lote lile, la mnadani, la kwenye picha za familia, la getini, lilikuwa la kuvaa na kuvua. Mama yao lazima alijua, akaenda na siri hiyo kaburini. Watoto hawakujua, kwa hiyo hospitali hakuna aliyewaambia. Mzee alikuwa ameyaficha meno yake vizuri mno mpaka yakataka kumwua.

"Ni kosa langu?" aliuliza, kama mtu anayeuliza basi linapita saa ngapi.

"Ulikuwa hujui."

"Nauliza tu."

"Wengi huniuliza hilo wakilia," daktari alisema, akamtazama kidogo. "Wewe hulii."

"Hapana."

Daktari akaenda kuosha mikono. Alisema gego lazima litoke, lakini mzee anatumia dawa za kuzuia damu isigande, kwa hiyo atazungumza kwanza na daktari wake wa kiharusi. Kile kipande akakifunga kwenye mfuko akaondoka nacho, kukisafisha na kuona kama kinaweza kurekebishwa.

Jioni Dada alimpigia Fundi.

"Ang'olewe jino?" Fundi alisema. "Mtu wa umri ule, meno ya nini tena? Anataka kwenda kutafuna nini huko aendako?"

"Si la kutafunia. Linamkata."

"Na akifia kwenye kiti?"

"Atakuwa amefia kwenye kiti."

"Dada, siku hizi unaongea kama redio."

"Daktari anakuja Alhamisi asubuhi. Ukija utamshika miguu."

Fundi alikuja. Walimkalisha mzee kwenye kiti chenye mgongo mrefu karibu na dirisha, mito kila upande. Daktari alimtaka Dada asimame nyuma na kukiegemeza kichwa cha baba yake kifuani kwake. Kilikuwa chepesi kuliko alivyodhani, na cha moto. Tangu utotoni hakuwahi kuwa karibu hivyo na uso wake. Kutoka juu aliona paji, pua, na ule mdomo ukiwa wazi.

"Hii ni ganzi, mzee," daktari alisema akiinua sindano. "Upande huu utakuwa kama si wako."

"Kwa muda gani?" Dada aliuliza.

"Saa mbili, tatu. Halafu inaisha yenyewe."

"Yenyewe?"

"Ya sindano, ndiyo," daktari alisema bila kugeuka.

Gego lilitoka vipande viwili. Damu ilikuja, na daktari akamng'atisha shashi akakaa ameishikilia, bila haraka, huku akimsimulia mzee habari za mbuzi wa jirani yake anayekula nguo kwenye kamba. Fundi, ambaye kila siku hufungua majokofu yenye nyama iliyooza, aliiachia miguu ya baba yake akatoka nje kukaa ngazini, kichwa katikati ya magoti. Daktari alipomaliza alimpelekea maji. "Usijali," alimwambia. "Wanaoshika miguu ndio huanguka."

Kabla ya kuondoka alimfundisha Dada. Mzee akae wima, kidevu kishuke kidogo, asije akapaliwa. Mswaki laini wa mtoto, dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele, maana hawezi kutema vizuri. Kuanza upande unaohisi, ili ajue kinachokuja, ndipo kwenda upande uliolala. Kupitisha shashi yenye maji shavuni kila baada ya kula. Kumwambia kila unachotaka kufanya kabla ya kukifanya. "Mdomo wa mtu ni chumba chake cha ndani," daktari alisema. "Piga hodi."

Basi Dada akawa anapiga hodi. Asubuhi na jioni alivuta kigoda, akamshika mkono, bega, shavu. "Naanza na huku, mzee." Alimwita mzee, si baba, hakuwa amepanga, lilitoka hivyo. Kidonda kikafunga. Ufizi ukaacha kutoa damu. Uji ukashuka bila kutemwa, ukafuatwa na viazi vya kupondwa, na yai, na shati likaanza tena kumjaa mabegani. Daktari alirudisha meno yake yakiwa safi, kikulabu kimerekebishwa, na Kengele alipovishwa akaupitisha ulimi juu yake kwa muda mrefu.

Neno la kwanza lilikuja asubuhi moja akilishwa. Aliumeza uji, akafikiri, akasema, "Baridi."

Dada alionja. Kweli uji ulikuwa umepoa. Akaenda kuupasha.

Aliporudi mzee alisema tena, kwa ulimi mzito lakini bayana: "Ahsante, mama."

Dada alidhani amesikia vibaya. Katika maisha yake yote baba yake hakuwahi kumwambia ahsante. Lakini siku zilizofuata ilikuwa hivyo hivyo: naomba maji, mama, pole kwa kazi, mama, nakusumbua, mama. Ilimchukua muda kuelewa. Mzee hakumtambua. Alimdhania mama fulani aliyeletwa na watoto wake kumtunza, na Kengele, aliyekuwa moto ndani ya nyumba yake, kwa watu wa nje siku zote alikuwa asali.

Wengine aliwatambua. Mdogo wao alipopiga simu kutoka ng'ambo na kusikia sauti ya baba yake alilia mpaka akashindwa kuongea. Kengele aliishika simu mbele yake, akaitazama. "Nauza simu," alisema. "Haina kasoro, ila inalia tu." Huko ng'ambo kilio kikageuka kicheko. Kila mtu alisema ni muujiza, na kwamba Dada atalipwa na Mungu.

Jioni moja, baada ya chakula, Dada alikuwa amemaliza upande wa kushoto akawa anausuuza mswaki.

"Wewe mama, una mume?" Kengele aliuliza.

"Alikuwepo."

"Watoto?"

"Sikujaliwa."

"Pole." Akaacha apigiwe mswaki meno ya chini, kisha akasogeza uso kando. "Mimi ninao watatu. Mmoja fundi. Mdogo yuko ng'ambo. Halafu yule mkubwa. Yule hatuongei. Aliachika, akarudi na sanduku. Nikamwambia neno pale getini."

"Neno gani?"

Akamwambia. Alilisema kama lilivyokuwa, mali na mteja na bei, hata ile sauti aliijaribu, ikamkwama katikati. "Lilikuwa neno zuri," alisema. "Watu walicheka. Neno likishakuwa zuri, mama, huwezi kulimeza. Linatoka lenyewe."

"Fungua."

Akafungua. Dada akapiga mswaki upande wa ndani, pole pole, jino kwa jino, mpaka kwenye pengo palipokuwa na gego.

"Mama yake hakucheka," Kengele alisema alipopata nafasi. "Tangu siku ile akawa ananiwekea chakula, halafu anaondoka mezani. Mpaka amekufa. Ungekuwa wewe, ungerudi?"

"Ningekuwa nani, mama yake?"

"Yule binti."

Dada alikuwa anaikunja shashi. "Ningekuwa sina pengine pa kwenda, ningerudi."

Kengele alitikisa kichwa taratibu, kama mnadi aliyetajiwa bei ya haki. "Basi anapo pa kwenda," alisema. "Vizuri."

Dada alimvua meno akayaweka kwenye glasi ya maji. Alimpangusa midomo, akaipaka mafuta. Jikoni alisimama mbele ya sinki, bomba likitiririka. Alikuwa amesikia habari za watu wanaopasuka wakipata maneno kama yale, wakaanguka chini, wakalia miaka yao yote kwa mara moja. Akangoja. Baada ya muda akafunga bomba, maana maji yalikuwa yanapotea bure.

Fundi alipojua kwamba mzee hamtambui Dada, alikasirika kuliko Dada mwenyewe. Jumapili aliyokuja alivuta kiti akaketi uso kwa uso na baba yake.

"Baba, huyu unamjua ni nani?"

"Ndiyo. Mama anayenitunza."

"Huyu ni Dada. Ni binti yako mkubwa."

Kengele alimgeukia Dada, akamwangalia kwa makini kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka miguuni. Dada alikuwa ameshika sinia. Alisimama tu, aangaliwe.

"Usinichezee," Kengele alimwambia mwanawe. "Yule? Yule umpe mdomo wangu, atanyonga na shingo. Huyu mwache, huyu ana adabu, anajua kazi yake." Kisha akamwambia Dada kwa upole, "Msamehe, mama. Vijana hawa."

"Hamna neno," Dada alisema. "Chai inapoa."

Fundi alimfuata jikoni macho mekundu. Alitaka waseme kitu, wafanye kitu, wamletee picha za zamani. Dada alimpa kikombe chake. Alimwambia sukari iko pale.

Kengele alikufa mchana, mvua za msimu zikiwa zimekwisha, kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alikuwa amekula, amesafishwa mdomo, amelala. Dada alikuwa anashona chumba cha pili, na alipokuja kumgeuza akaona. Alizima redio. Akampigia Fundi, Fundi akampigia mdogo wao, yote kama walivyopanga zamani, ila sasa ilikuwa imetokea.

Mdogo wao alipofika na kumwona baba yake amelazwa, alishtuka jinsi uso ulivyokuwa umezama. "Mbona si yeye?" alisema. Dada aliwaomba watoke kidogo. Aliyachukua meno kwenye glasi, akayakausha. Alimshika mzee mkono, akamshika bega, akamwekea kiganja shavuni. Kazi hiyo hufanyika mapema, kabla taya halijakaza, na yeye alikuwa amechelewa, ilimbidi abembeleze. Wadogo zake waliporudi walimkuta Kengele, yule yule wa mnadani, na wote wawili wakaanza kulia. Dada akawaletea maji.

Watu walikuja, wakakaa, wakasema mengi. Walimsifu marehemu kwa vichekesho vyake, na vingine walivisimulia palepale wakacheka wakiwa wamevaa nyeusi. Wengine walimshika Dada mikono miwili wakamwambia amepata radhi ya baba yake. Alijibu kila mtu ahsante.

Walipopungua, Fundi alikaa naye kibarazani. Alikuwa na swali muda mrefu, ilionekana.

"Mlikuwa wawili tu humu ndani, asubuhi na jioni. Hukumwambia hata mara moja kwamba ni wewe?"

"Angefunga mdomo," Dada alisema.

Fundi akainuka akakusanya vikombe vya wageni.

Daktari Begi naye alikuja kutoa pole, amechelewa, begi mgongoni, anatoka kazini. Alikunywa maji, akazungumza na wadogo, na alipokuwa anaaga akamwambia Dada kwamba kule nyuma ya posta wanatafuta mtu wa kusafisha wazee vinywa. Kazi yenyewe watu huikimbia baada ya wiki. "Mikono yako haina haraka," alisema.

"Sina huruma, daktari. Nikuambie kabisa. Nafanya tu."

"Wenye huruma nyingi wameshanikimbia watatu," daktari alisema. "Njoo ufanye tu."

Alianza mwezi uliofuata. Ilikuwa korido ndefu yenye sakafu ya kijani, vyumba pande mbili, na toroli lenye vikombe, kila kikombe na mswaki wake. Wengine walifungua kabla hajafika, wengine walificha nyuso kwenye mito, na mmoja, aliyewahi kuwa hakimu, alidai kila asubuhi asomewe mashtaka kwanza. Dada alimsomea.

Chumba cha mwisho alikaa bibi mmoja mwenye meno matatu na maneno mengi. Kiuno kilikuwa kimemwacha lakini kumbukumbu haijamwacha. Siku ya kwanza alimtazama Dada anavyovuta kigoda.

"Wewe mtoto wa nani?"

Dada hakuwa ameulizwa hivyo siku nyingi, wala hakuwa amelijibu swali hilo tangu aondoke getini na sanduku lake. "Wa Kengele," alisema. "Yule mnadi."

"Kengele," bibi alisema. "Aliniuzia kitanda yule. Kitanda kinalia usiku kucha, ukigeuka kinalia, ukipumua kinalia. Nikamwendea asubuhi nimefura. Akaniambia, mama, kitanda kinacholia kinamjulisha mwenye nyumba kwamba bado yu hai."

Kitu kilimtoka Dada puani, kifupi, na ilimchukua muda kujua kwamba amecheka. Aliona haya kidogo. Akainamisha kichwa, akatafuta shashi kwenye toroli.

"Alikuwa na mdomo," bibi alisema.

"Alikuwa nao, bibi."

"Kafa?"

"Kafa. Juzi juzi."

"Pole, mwanangu," bibi alisema, na Dada, aliyekuwa amepewa pole na mtaa mzima, alijikuta amesimama na shashi mkononi hajui aiweke wapi. Alikohoa. Macho yalikuwa makavu, lakini kifuani kulianza kuchomachoma, kama mguu uliokaliwa muda mrefu unapoamka.

"Naanza na huku," alisema alipoweza.

"Huo mswaki mgumu," bibi alisema. "Jana waliniletea mwingine, laini."

Dada alirudi koridoni kuutafuta.